Zisokote

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Mjini Kyela vijana wanaicheka mila hiyo, lakini baba mkwe wangu, mzee Nsajigwa, alitoka nayo kijijini Bujonde akaiingiza hadi gerejini kwake. Akipita uani, mimi nageukia migomba. Nikiwa na neno, nalipitisha kwa mama mkwe, Naomi, ambaye Kiswahili anakiongea kama anakifukuza.

Nilisomea umeme wa magari Mbeya. Mwana wao Ezekiel alinioa, akaenda Tunduma kutafuta kazi, nikabaki napika nyuma ya ukuta wa mabati wa gereji huku nikisikia magari yakitibiwa kwa kubahatisha. Inaudhi, niseme nini tena.

Siku hiyo Abdulrahim, mwenye duka la vitambaa sokoni, alileta gari la mtumba kutoka Dubai. Miaka hiyo ndipo yalipoanza kuingia magari yenye kompyuta. Injini ikiwaka tu, gia zinagoma. Mzee, kama kawaida yake, alitangaza kila alichokiona: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mahali fulani zimekatwa na kuungwa zikiwa zimenyooka.

Nikajua ugonjwa kabla wali haujaiva. Kompyuta ya injini na ya gia huzungumza kwa nyaya hizo mbili. Zisiposokotwa, kelele za umeme wa plagi huingia katikati, hazisikilizani.

"Mama, mwambie baba azisokote zile nyaya."

Mama akaenda. Nikamsikia kupitia bati: "Mkamwana wako anasema uzisokotoe."

Jamani! Kusokotoa ni kuufungua msokoto! Nikafungua mdomo nipaze sauti, nikaufunga. Hata sauti yangu mzee hakupaswa kuisikia, na mama alikuwa ameshatokea mlango wa mbele kwenda sokoni. Mzee akazisokotoa zote, kwa uangalifu, kuanzia mbele mpaka nyuma.

Abdulrahim aliporudi, gari halikuwaka kabisa.

"Mzee, nimekuletea mgonjwa unanirudishia maiti? Nalivuta Mbeya, na sokoni nitawaambia wote."

"Nimekosea mimi, mwanangu," mzee akasema. "Macho yamezeeka."

Hakunitaja. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Nikajifunika kitenge usoni, nikaingia gerejini.

Mzee aliponiona akajitupa uvunguni mwa gari. Fundi mwenye mvi, amejificha! Abdulrahim na watu waliokuwa naye wakacheka. Nikazisokota zile nyaya, huku nyayo za mzee zimechomoza nje. Sikuwahi kuziona. Zilikuwa zimepasuka, na kisigino kimoja kimefungwa kitambaa. Nilitamani kulia.

Nikamnong'oneza Abdulrahim awashe tu, asiliondoe. Injini ikaunguruma, taa nyekundu ya gia ikazimika.

"Ahsante sana, fundi," akaniambia mimi.

Zile nyayo zikavutwa ndani polepole.

Jioni mama mkwe alikuja jikoni na ungo wake. "Baba yako anasema kesho usirudi gereji."

Nikanong'ona: "Amesema usirudi, au urudi?"

Naomi akapepeta mchele, akafikiri. "Si ni hilo hilo?"

Upande wa pili wa bati mzee alikohoa, kama mtu anayesubiri kuulizwa. Neno moja tu lingetosha, na angelisikia. Nikageukia migomba.