Cheti cha Kifo cha Kisima

Injinia Romano alikitangaza kisima cha Kuluba kuwa kimekufa bila kutoka garini. Kilikuwa na umri wa wiki tatu, na pampu yake ilikuwa haitoi maji tena. Ripoti ilikwisha kutiwa sahihi: kesho mtambo wa kuchimba ungehamia Abuku, kisima kingezibwa kwa saruji, na wanawake wa Kuluba wangerudi mtoni, mwendo wa saa moja na nusu.

"Mwamba iko kavu, mama," alimweleza Mariam Poni, mwenyekiti wa kamati ya maji. "Hii ni mambo ya Mungu."

"Mungu hakuandika ripoti, injinia. Wewe ndiye uliandika."

Hajara, fundi wa pampu aliyetumwa kutoka Arua, aliizima pampu. Alingoja saa mbili maji yatulie, akateremsha utepe wa kupimia kisimani. Uligusa maji kwenye mita kumi na nne. Daftari la siku ya kuchimba nalo lilisema kumi na nne.

"Maiti yako iko na maji mingi, injinia," alisema.

Romano alidai utepe ni mbovu. Hajara akampa aushushe mwenyewe. Kumi na nne.

Basi pampu ikavutwa juu, bomba kwa bomba. Chujio lake lilikuwa limezibwa na mchanga mweupe, umeshikana kama uji uliolala.

"Siku ya kwanza koki kuu mlifungua kiasi gani?" Hajara aliuliza.

"Yote," akajibu Mariam Poni. "Wageni walikuja kupiga picha. Injinia alitaka maji iruke juu ya hema."

"Na baada ya picha?"

"Nani angefunga? Alisema mutu mwingine asiguse."

Kisima kipya kikifunguliwa kwa nguvu zote huvuta mchanga. Jambo hilo limo katika mwongozo wa pampu, ukurasa wa pili. Mwongozo wenyewe ulikuwa garini mwa Romano, ungali ndani ya nailoni yake.

Walisafisha chujio, wakarudisha pampu, wakasukuma maji machafu hadi yakawa maangavu, koki ikiwa imefunguliwa robo tu. Jerikani ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde thelathini. Ya pili vilevile. Ya kumi vilevile.

Romano aliichana ripoti yake bila kuambiwa. Kisha akaitazama koki.

"Tufungue kidogo tu? Mkubwa anapita Ijumaa."

Mariam Poni aliazima spana ya Hajara, akaung'oa mpini wa koki, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Mwambie mkubwa akuje na jerikani," alisema.