Mlango wa Mzee Menza

Mimi mzaliwa wa Timbwani, kule Likoni ng'ambo ya feri, kwa hivyo nisibishiwe: watu wa Likoni hawana anwani. Wana kwao, na hilo ni jambo jingine. Ukimwuliza mtu anakaa wapi atakwambia, "Ukifika kanisani, uliza kwa kina fulani." Ukiuliza, utashikwa mkono mpaka mlangoni, na ukifika utaulizwa kama umekula. Ndivyo tunavyoishi, na hakuna aliyepotea.

Isipokuwa mtungi wa oksijeni. Huo ulipotea. Kampuni yetu iko Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta, na kazi yake ni kuwapelekea wagonjwa wa majumbani mitungi ya hewa na kuchukua ile mitupu. Siku moja dereva wetu, Mutua, alizunguka Likoni mchana kutwa akitafuta "nyumba ya buluu baada ya kinu," kumbe mwenyewe alishaipaka rangi ya waridi. Mgonjwa akakimbizwa hospitali roho mkononi. Meneja wetu, Gedion, mtu wa bara anayechukia uchafu hata ndani ya kompyuta, akaapa halitatokea tena.

Ikaja amri. Kila mteja atembelewe kwake, simu ichukue lokesheni, yaani mahali penyewe kwenye ramani, mbele ya mlango, na mlango wenyewe upigwe picha. Dereva akifika, anaupiga mlango picha nyingine, na kompyuta inalinganisha picha hizo mbili tu; lokesheni ni ya kumwonyesha njia. Mteja asiye na mlango, mtungi wake hautoki bohari. Likoni nikapewa mimi. "Vivian, wewe ni wa huko," akasema Gedion, na mtu akisema hivyo ujue kazi ni ngumu.

Wengi hawakunisumbua. Aliyenisumbua ni Sidi. Huyu alikuwa mfuaji nguo kwenye hoteli moja ya Shelly Beach, naye alimtunza babake, Mzee Menza, seremala aliyeharibiwa mapafu na vumbi la mbao. Kwenye kompyuta anwani yake ilikuwa "geti la kanisa." Hapo ndipo alipompokea Mutua kila safari, akiwa na wilibaro yake ya kusukumia mtungi.

"Bwana asifiwe, dada Sidi," nikamwambia tulipofika getini, mimi na Mutua. "Leo tumekuja mpaka nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Mtungi ule, wilibaro hii."

Nikamweleza habari ya mlango. Akaitazama simu yangu kama aliyeona nyoka.

"Ng'o! Pigeni picha kanisa. Mungu hana neno."

"Mungu hatumii oksijeni, dada. Nisipopata mlango, mtungi wa Ijumaa hautoki Changamwe."

Sikupenda kulisema, lakini lilikuwa kweli, nikalisema. Sidi akaupakia mtungi kwenye wilibaro. Kisha akatuongoza mpaka kwenye nyumba ya mawe yenye geti jeusi. "Haya, ndiyo hapa. Piga."

Mbwa wa mle ndani akambwekea Sidi mpaka povu likamtoka. Mutua akacheka. "Njia ya mwongo fupi, dada. Hata mbwa wako hakujui?" Kisha akauliza swali la kazi yake: "Na mtungi mtupu uko wapi? Maana nikitoa mzima, narudi na mtupu."

"Ngojeni hapa, nauleta," akasema Sidi, akaondoka na mtungi mzima kwenye wilibaro.

Mutua alitaka tungoje. Mimi subira hiyo sikuzaliwa nayo. Wilibaro ilikuwa imelemewa, na gurudumu lilichora mchanga vizuri. Tukaufuata mchoro ule kwenye vichochoro mpaka nyumba ya udongo yenye paa la mabati. Nyumba ilikuwa ya kawaida kabisa, ila mlango. Lo! Mlango wa mvule, mzito, umepigwa randa mpaka unang'aa. Mzee Menza alikuwa ameketi kando yake, mpira wa hewa puani.

"Mmenifuata kama mwizi!" Sidi akapiga kelele.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sidi, wageni hawapokelewi hivyo."

"Si wageni, baba! Wana simu!" Akanigeukia mimi. "Wewe si wa hapa? Hujui? Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Kule chini walikuja watu na simu kama hiyo, wakasema wanahesabu mabomba ya maji. Baadaye likaja tingatinga, likabomoa nyumba zote. Sasa na wewe wataka kutuweka kwenye ramani!"

Nilijua. Nani wa Likoni asiyejua? Nyumba ya bibi yangu ilisimama hivyo hivyo, juu ya ardhi ya mtu tusiyewahi kumwona.

Mzee akainua mkono. Alizungumza kidogo kidogo, akipumzika katikati.

"Sidi. Tingatinga haliulizi njia. Lina njia yake. Anayeuliza njia... ni huyu mwenye hewa. Mwonyeshe."

"Baba, wakija je?"

"Wakija, watanikuta napumua. Piga, mwanangu. Mlango huu niliutengeneza mwenyewe... nilipomwoa mamake."

Nikapiga picha. Sidi akaingia ndani, hakutuaga.

Mtungi wa Ijumaa ulifika, na wa baada yake. Gedion akafurahi, akasema Likoni sasa ni safi. Kisha, karibu na Pasaka, Sidi akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Msilete pale. Pale hapapo tena."

Nikaenda kwa Gedion. Akafungua kompyuta, akasugua uso. "Bila mlango inakataa, Vivian. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema ikatae." Aliona haya, haki yake nimpe. Mutua akapakia mtungi bila kumwuliza mtu, na Gedion akageukia dirishani kutazama matangi ya mafuta. Tukavuka feri.

Tuliwakuta ubavuni mwa kanisa lile lile, chini ya upenu. Magodoro, sufuria, viti vya watu wengi, maana hawakuvunjiwa wao peke yao. Mzee Menza alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imeanza kubadilika rangi. Mtungi wake wa mwisho ulikuwa unakaribia kwisha.

Sidi akanijia mbio. "Ni nyinyi? Niambie kweli. Ni ile picha yako?"

"Haki ya Mungu, si sisi. Waliobomoa walikuwa na ramani yao kabla yetu, na haikukosea nyumba hata moja."

Akanikazia macho. Sijui kama aliniamini. Liliniuma, na linaniuma bado.

"Basi mtungi ushusheni."

"Kompyuta inataka mlango, dada. Bila huo, huu ndio wa mwisho."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akanyoosha kidole nyuma yangu. Mlango wa mvule ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, na fremu yake na kitasa chake.

"Kabati waliliponda," akasema Sidi. "Kitanda wakakiponda. Huu tuliung'oa usiku. Baba alikataa kuondoka bila huo. Mlango ni ule ule, picha mnayo. Piga!"

Nikapiga. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: Mlango unalingana. Anwani imethibitishwa.

Mutua akabeba mtungi begani. Ili amfikie mzee ilimbidi apite pale penye mlango, na kwa mazoea tu, akasimama, akagonga mbao kwa vidole.

"Hodi," akasema.

"Karibu," Sidi akaitikia kabla hajajijua, kisha akajifunika uso kwa leso, akalia.