Daftari la Saa Nne

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, saa nne kamili asubuhi, mbele ya mlango wa Idara ya Saikolojia ambako mimi ni mhudumu mwaka wa kumi na moja huu. Ukiwauliza wao watakwambia ni bahati mbaya. Mimi nasema walioharibu ni wakubwa. Mimi nilimalizia tu.

Naitwa Mbaruku, kwetu Kondoa, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Shule niliishia darasa la nne, lakini idara ile naijua kuliko walioisomea. Nafungua milango, nafagia, napeleka barua, nachemsha chai, na wakubwa wakizungumza yao mimi nimesimama pale pale na birika, hakuna anayeniona. Mke wangu, Mwanaidi, alifariki mwaka juzi, kwenye foleni. Foleni ya wapi, sisemi. Tulikuwa wa tatu kuingia. Akaja mheshimiwa mmoja na mtu wa kumshikia simu, akapitishwa. Akaja mwingine, akapitishwa. Jina la Mwanaidi lilipoitwa, hakuitika. Tangu siku ile nikiona mtu anapitishwa mbele ya wenzake, sivumilii.

Nilibaki na Nasma, mwanangu wa pekee, mwaka wa tatu, anasoma saikolojia hapo hapo ninapofagia. Ilimbakia kozi moja yenye kero, Ushauri Nasaha kwa Vitendo. Kwenye kozi hiyo wanafunzi wanakwenda kituo cha afya kukaa na wagonjwa, na kituo kilishasema watu ishirini tu, wa ishirini na moja hana kiti. Inafundishwa muhula wa kwanza basi. Ukiikosa huhitimu. Unakaa mwaka mzima unawatazama wenzako wanavaa majoho. Nafasi kumi na sita zilijaa kwenye kompyuta, Nasma bado anatazama kile kiduara kinachozunguka mtandao ukigoma. Zikabaki nne.

Sasa sikiliza. Jumanne ile, siku moja kabla, ilikuwa dua ya mwaka wa pili wa marehemu, kule Kondoa kwa dada yangu Rukia. Niliomba ruhusa wiki mbili kabla. Nikanyimwa. Eti kuna kikao cha mwongozo wa usajili kwa wanafunzi wageni kutoka nje, nani atapanga viti? Nasma akaenda peke yake kumwombea mama yake. Mimi nikabaki kupanga viti.

Nikapanga. Wageni wanane, vitambaa mezani, maandazi, korosho, maji ya chupa. Dokta Silvano, mratibu wa idara, mtu ambaye mwanangu akimwuliza jambo humjibu "soma tangazo" bila kuinua macho, siku hiyo alikuwa mpole kama bibi harusi. Akawaelekeza kozi moja baada ya nyingine: hii ngumu, hii nyepesi, hii inagongana na ile Alhamisi. Ukichagua vibaya usiogope, una wiki mbili za kubadilisha. Namba yangu hii hapa, nipigie wakati wowote. Kila mmoja akapewa karatasi ya rangi, picha juu, hatua kwa hatua. Hata saa wakafundishwa! Akachora saa ubaoni, akawaambia huku tunahesabu tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa kumi yenu asubuhi ni saa nne yetu. "Na mkiambiwa saa," akasema, "ulizeni, asubuhi au jioni?"

Wanafunzi wetu wao walikuwa na karatasi moja ukutani nje, wino umefifia, kona moja imebanduka. Niliona wivu, nifiche nini? Niliona wivu hata wa yale maandazi.

Katika wale wanane mmoja nilikuwa na neno naye zaidi. Anaitwa Solveig, msichana mrefu kutoka Norwei, aliyepangiwa chumba kimoja na Nasma hosteli. Kabla hajaja, Nasma alikuwa nyumbani Nkuhungu kila Ijumaa, tunakula mlenda na ugali, ananisimulia ya wiki. Tangu aje, Ijumaa imekuwa Solveig anataka kuona soko la Majengo, Solveig anaumwa tumbo, Solveig ana huzuni ya kwao. Mara moja wakaja wote wawili, na Nasma, kwa mkono wake mwenyewe, akampa kigoda cha mama yake akikalie. Mimi kigoda kile nilikuwa nakifuta vumbi tu, sijawahi kukikalia.

Kikao kilipoisha Dokta akasema, "Zile nafasi nne za Vitendo hazipiti kwenye kompyuta. Kesho Mzee Mbaruku atatoa daftari mlangoni. Atakayewahi, ataandika. Saa mtamwuliza yeye." Kisha akanifuata jikoni. "Mzee, itakuwa saa nne kamili asubuhi. Waambie watakaokuuliza."

Wallahi, miaka kumi na moja, ndiyo mara ya kwanza wakubwa kunipa kitu cha kushika zaidi ya ufagio.

Habari zikaenea, wanafunzi wetu wakaja, mmoja mmoja. Joshua, yule mcheza mpira, nikamwambia saa nne asubuhi. Zaitun, saa nne asubuhi. Erick na mwenzake Matonya, saa nne. Nikampigia Nasma, simu haipatikani. Nikampigia Rukia, nyuma yake masufuria yanagongana.

"Kaka, yuko kisimani na wenzake. Kuna nini?"

"Mwambie anipigie. Leo leo. Ni jambo la masomo."

"Nitamwambia, kaka. We ngoja nigawe wali kwanza, watu wamejaa."

Nasma hakupiga. Sikuhangaika sana. Kila akienda Kondoa hurudi na basi la alfajiri, saa tatu yuko Dodoma. Nikasema atawahi.

Jioni nikawa nafagia korido. Solveig akatokea, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mwanangu.

"Shikamoo, Baba."

Baba! "Marahaba."

"Samahani. Daftari la kesho ni saa ngapi?"

Nikamtazama. Ameshakula maandazi, ameshapewa karatasi ya rangi na namba ya Dokta, chumba cha mwanangu, kigoda cha mke wangu. Sasa anataka na hii.

"Saa kumi," nikasema.

"Asubuhi au jioni?"

Aliuliza vizuri, kama alivyoelekezwa.

"Jioni. Saa kumi jioni."

"Asante sana, Baba." Akaandika kwenye kijidaftari chake, akaenda zake. Na mimi, nisiongeze uongo juu ya uongo, niliona utamu. Nikafagia korido ile mara mbili.

Asubuhi ya Jumatano ilipofika saa nne kasoro dakika tano, walikuwa wamesimama kumi na zaidi mlangoni. Nasma hayupo. Nimelikumbatia daftari.

"Mzee, hilo daftari au barua ya posa?" Joshua akasema. "Mbona hulitoi?"

"Saa bado."

"Saa bado wapi? Zaitun, hebu mwoneshe Mzee simu yako."

"Mwacheni," akasema Zaitun, "anamngoja bintiye. Si ndiyo, Mzee?"

Wakacheka. Nikamtupia jicho, lakini maneno yalishatoka, na mlango wa Dokta ukafunguka.

"Mzee, saa nne na dakika tatu. Daftari?"

"Dokta, ningeomba tungoje kidogo, kuna..."

"Hakuna kungoja. Ndiyo maana nikasema atakayewahi."

Nikaliweka mezani. Joshua, Zaitun, Erick, Matonya. Kalamu ilikuwa yangu, nimeifunga na uzi ili isiibiwe. Dakika mbili hazikufika. Waliobaki wakasonya, wakatawanyika.

Nasma aliingia saa tisa na nusu alasiri. Begi mgongoni, kikapu cha karanga kutoka kwa shangazi yake, uso unang'aa.

"Shikamoo Baba! Nimewahi eh? Nimebaki kuosha masufuria ya watu, nikapanda basi la saa nne. Daftari liko wapi?"

Nikamfungulia daftari, majina manne.

Alipoelewa, aliweka kikapu chini polepole, akaingia kwa Dokta. Nikasikia kutokea nje. Kituo kimesema ishirini, ni ishirini. Hapana, hata mmoja hawezi kuongezwa. Nani alikwambia saa kumi? Solveig? Dokta akacheka, si kwa ubaya, lakini alicheka. "Hawa wageni bwana! Nimewachorea ubaoni jana tu, na bado wanachanganya saa."

Wakamwita Solveig. Alikuja mbio, akasimama katikati ya korido akilia waziwazi kama mtoto. Akasema ni kosa lake. Akasema Kiswahili chake kibaya, masikio yake mabaya. Yeye kozi ile hata hasomi, anasoma ile ya saikolojia ya watoto. Aliniuliza kwa sababu alimwandikia Nasma habari za daftari, na Nasma akamjibu kutoka Kondoa, anamwomba amwulizie saa, simu yake ina chaji ndogo, haitoshi kupiga. Akanigeukia mimi, akashika kifua. "Nisamehe, Baba. Sikusikia vizuri."

Watu wote wakanitazama, wanangoja mzee amsamehe mgeni.

Sikuwaza kwamba anaulizia mtu mwingine. Nani angewaza? Lau wangebandika saa ile ukutani kama watu wenye akili, kusingekuwa na haja ya kuniuliza mimi. Lau wangenipa ruhusa ya siku moja, ningekuwa Kondoa, daftari angelishika mwingine. Hilo nimelisema na nitalisema mbele ya yeyote.

"Haya," nikamwambia, "yameshapita." Akanishukuru.

Ijumaa Nasma alikuja Nkuhungu, peke yake. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Nilipika mimi. Akala kidogo, akasema ameshaandika barua ya kurudia mwaka, na Solveig amehama chumba, anaona aibu kumtazama usoni. Nikaanza kumwelezea ya wakubwa, ya kikao, ya ruhusa niliyonyimwa, ya karatasi za rangi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akatoa simu, akafungua ujumbe aliotumiwa Jumanne ile, akauweka mbele yangu kwenye mkeka. Mimi kusoma nasoma polepole, lakini ule ulikuwa mfupi. *Baba yako anasema saa kumi jioni.*

"Dokta anasema Solveig alichanganya saa za kwao na zetu," akasema. "Na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Sawa. Mtu akichanganya, kumi ya kwao ni asubuhi, angeniandikia saa kumi asubuhi. Hiyo kwetu ni alfajiri. Ningejua kakosea, ningekupigia hata kwa simu ya shangazi."

Hakupandisha sauti. Akanisogezea bakuli la mboga, maana nilikuwa sijala.

"Basi nieleze kitu kimoja tu, Baba. Hiyo 'jioni', Solveig aliitoa wapi?"