Kisa cha Tatu

"Ng'oa hilo karatasi, Mwalimu! Sasa hivi, kabla hujatoka getini!"

"Mzee Kisioki, shusha sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Si unakwenda kuwagawia mwenyewe?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa miti ya manyara, ufagio mkononi, na Mungu anajua nilikuwa nimeshamaliza kufagia zamani. Hapa Olasiti kila mtu anajua habari zinalala kwangu mimi, Siwema. Nikasogea.

Jirani yangu Nalepo ana miaka ishirini na mbili akifundisha watu wazima kusoma, kisha akawa anawafundisha wanaofundisha. Mwaka huu shirika lao likamtwisha kazi nzito: atunge mafunzo ya juu kwa wakufunzi wazoefu, wale walioiva mpaka hawaambiwi kitu. Hao ukiwapa nadharia wanasinzia, aliniambia. Unawapa visa vya kweli, wanaviigiza, halafu wanabishana. Akatunga visa sita. Mafunzo yalikuwa yanaanza siku hiyo hiyo.

"Umebadilisha jina tu," mzee alisema. "Eti Mzee K. Anashika gazeti mbele ya watu, akiombwa asome anasema miwani imevunjika. Nani mwingine huyo?"

"Hakuna atakayejua."

"Nimejua mimi! Nilikisoma jana mezani kwako, neno kwa neno!"

Ufagio ukaniponyoka. Miaka miwili kila asubuhi mzee huyu, mjane, mzee wa kanisa, alikuwa akiingia jikoni kwa Nalepo na galoni la maziwa na kutoka jua limeshapanda. Mtaa mzima tulishawaozesha. Mimi nilishachagua hadi kitenge cha sherehe! Kumbe alikuwa anafundishwa kusoma, na akaona bora tumseme hivyo kuliko tujue hili.

"Na ile barua umeiandika." Sauti yake ilishuka mpaka nikalazimika kuinama. "Nilikuambia wewe peke yako. Na Nice yumo kwenye hayo mafunzo, Mwalimu. Nice wangu."

Barua yenyewe, nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa ya kumwita Nice, binti yake, chuo cha ualimu. Ililetwa miaka tisa iliyopita, Nice akiwa kwa shangazi yake Monduli. Mzee akaigeuza huku na huku, na binti aliporudi kuuliza, akamwambia ni watu wa michango tu. Nice akasubiri chuo mpaka akachoka, akajitolea kufundisha kisomo hadi akawa mkufunzi. Mzee alipojua kusoma ndipo akaielewa barua ile. Mpaka asubuhi hiyo Nice alidhani hakuchaguliwa.

"Vitabu vimeshachapwa," Nalepo alisema. "Kisa hicho nitawapa kundi la Moshono. Nice nitamweka kundi jingine kabisa. Nakuahidi."

Akaondoka. Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu zito, likishuka taratibu kuelekea kwetu.

Siku hiyo Mzee Kisioki hakwenda kwenye ng'ombe wake. Alikuja kukaa uani kwangu, na nyumba imejaa kama kawaida, wanawake wanachambua mchele. Ummy, mdogo wangu, akanikonyeza, "Dada, bwana harusi amegombana na mwenzake?" Wakacheka. Mimi, Siwema, nikainamia mchele wangu. Mzee aliuliza saa mara nne.

Saa tisa hivi nikaitwa getini. Alikuwa Joyce, mkufunzi wa Moshono, macho yamemtoka.

"Dada Siwema, kwenye mafunzo ya Nalepo kumeharibika. Kundi letu ni wanaume na mimi, na mimi sauti imenikauka. Binti wa kuigiza hatuna. Tukamvuta Nice kundi la jirani. Si unajua sisi, tukishaanza kuigiza nani atatuzuia? Nalepo ananyoosha mkono, sisi tumeshaanza."

"Ehe?"

"Watu wanacheka, mwenzetu kajifanya mzee, barua juu chini. Nice akauliza, 'Baba, barua imesema nini?' Akajibiwa, 'Watu wa michango tu.' Nice akaganda. Tukapiga makofi, tukajua ndiyo uigizaji wenyewe! Akaomba kitabu, akasoma ukurasa wote kimya kimya, akachukua mkoba wake akaondoka."

Niliporudi uani, mzee alinitazama usoni mara moja tu. Akaokota kofia yake, akaenda. Nikamfuata hadi kwenye ua wa nyumba yake.

Nice alikuwa ametangulia kufika. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwa khanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mmejifunza nini leo?"

"Mengi."

"Nice, mwanangu, nilikuwa..."

"Chakula kiko mezani."

Mzee akabaki amesimama katikati ya uwanja wake mwenyewe, kofia kifuani, kama aliyekuja kuulizia njia. Nice akajisogeza pembeni kumpisha, vile tunavyompisha mgeni tusiyemfahamu. Tangu azaliwe sijamsikia akimwita baba yake kwa jina lingine ila baba.

"Karibu ndani, mzee," alisema. "Karibu ule."