Kelele za Safari ya Kurudi

Selemani aliisikia mara ya kwanza alipokuwa anarudi Mpapura peke yake kutoka mjini: ko, ko, nyuma upande wa kushoto, kila gari lilipovuka tuta. Akajiambia labda ni jeki imelegea. Aliposhuka kuangalia akakumbuka kwamba jeki iko nyumbani uvunguni mwa kitanda, alikoiweka mwenyewe. Basi akajua ni springi mpya, na akatamani asingejua.

Springi hizo hakuzinunua, alipewa. Miezi michache nyuma bibi mmoja wa mtaa wa Shangani mjini, Aminabai, alikuja Mpapura kwenye msiba wa mwanamke aliyewahi kumsaidia kazi za nyumbani, sukari ikamshuka, akaanguka katikati ya waombolezaji. Selemani ni mkulima wa korosho, na Noah yake ndiyo gari lililokuwa karibu. Alimlaza bibi kiti cha nyuma akampeleka hospitali bila kusubiri kuombwa. Mtoto wa bibi huyo, Murtaza, mwenye duka la spea mjini, alikuwa safarini. Aliporudi alimkuta mama yake kitandani anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna chumvi, akakaa chini akalia.

Murtaza alikwenda Mpapura kushukuru, Selemani akakataa kupokea chochote. Lakini muuza spea ana macho yake. Aliizunguka ile Noah akaona imechuchumaa nyuma, kwa kubeba kila mgonjwa na kila bibi harusi wa kijiji. Wiki iliyofuata alirudi na springi mpya. Mafundi anao, hakumleta hata mmoja. Alivua saa, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na kuzifunga mwenyewe. "Hii kazi ni yangu, mzee wangu," alisema.

Sasa utaanzaje kumwambia mtu kama huyo kwamba kazi yake inapiga kelele?

Selemani hakuanza. Alivumilia, na kwa kuvumilia alikuwa hodari kuliko inavyofaa. Kelele nayo ilikuwa na ujanja wake. Akimpakia mkewe Mwanahawa na majirani kwenda mnadani, kimya kabisa. Akiwashusha na kugeuza peke yake, ko, ko.

"Mimi sijasikia kitu," Mwanahawa alimwambia. "Nenda kapime masikio, nzee."

Angenyamaza mpaka korosho za mwaka ule ziishe, lakini binti yao Latifa alikuwa amekuja kujifungulia kwao. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na nesi alishaonya kwamba uchungu ukianza wasipotezee muda zahanati, wamkimbize mjini. Gari la kumkimbiza ni hilo hilo. Kila Selemani alipomwona mwanawe akivuka uani ameshika kiuno, aliona gurudumu likichomoka njiani, mahali pasipo na nyumba. Aliogopa, na aliona aibu kuiogopa zawadi.

Mwishowe hofu ikaishinda haya. Jumapili asubuhi akaenda Shangani, akamkuta Aminabai amekaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dereva wangu. Leo sijaanguka, umemfuata nani?"

Murtaza alitoka ndani akamsikiliza mpaka mwisho, uso ukamshuka kidogo. Hakubisha. Alimwita mkewe, Rubina, wakapanda wote wakazunguka mtaa, Murtaza ameinama nyuma, sikio juu ya kiti. Wakavuka tuta la kwanza, la pili, la tatu. Gari likanyamaza kama limeambiwa na mtu.

"Labda ni kitu kidogo cha bodi," Murtaza alisema kwa upole waliporudi, na upole huo ndio uliomuumiza Selemani. Alijiona mzee msumbufu asiyejua kushukuru. Akaomba radhi, akaaga, akaondoka. Tuta la mbele ya nyumba halikumhurumia. Ko, ko.

"Murtaza," sauti ya Aminabai ikatoka barazani. "Mrudishe yule baba. Gari lake linagonga."

Hapo Murtaza akaelewa. Likiwa na watu, uzito unaikandamiza springi, inatulia. Likiwa tupu, springi inanyanyuka na kujipigiza. Walipolipandisha kwa jeki, akaingiza mkono akapapasa. Ncha ya springi ya kushoto haikukaa kwenye shimo lake, ilikuwa imepanda ukingoni na raba yake imekunjika. Alitoka chini ya gari akakaa mchangani.

"Isingechomoka leo wala kesho," alisema, "lakini si ya kuiacha. Kosa ni langu. Siku ile akili haikuwa kazini, nilikuwa namfikiria mama. Na wewe umenyamaza muda wote huu kwa nini?"

"Ulilala chini uani kwangu na shati lako jeupe," Selemani alijibu. "Ningekwambia nini?"

Murtaza alicheka, kisha akageuka pembeni akajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Akarudi chini ya gari, akaikalisha springi shimoni mwake na kuifunga upya. Aminabai aliuliza kama wakimaliza kushukuriana watapenda kunywa chai, maana inapoa.

Wiki haikuisha, Latifa akashikwa na uchungu. Selemani aliendesha, Mwanahawa na majirani wawili wamemshika Latifa huku na huku, na hakuna aliyesikia kelele, ila zake mwenyewe. Jua lilipotoka alikuwa na mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti.

Selemani akatumwa nyumbani kuleta khanga na uji. Alipofika Mtawanya, kijiji cha njiani, alisimamisha gari. Akakumbuka kwamba kelele zile hazikuwahi kumfuata akiwa na mgonjwa. Zilimjia kwenye safari ya kurudi tu, mtu akishafika salama mikononi mwa madaktari. Akampigia Murtaza.

"Niko peke yangu," alisema. "Usikate. Sikiliza."

Akaiweka simu kiti cha nyuma, upande wa kushoto, alipolala Aminabai siku ile. Akavuka tuta, na tuta jingine, kisha akasimama pembeni na kuichukua.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mzee wangu."

"Basi ndicho nilichokupigia," Selemani alisema. "Tumepata mjukuu."