Tonge la Kwanza

Watu wa Mosocho wakikuambia kwamba Bochaberi alikufa kwa kurogwa, usiwajibu, utapoteza mate yako bure. Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake, na nilikuwapo. Niliolewa mjini Kisii na Shariff, muuza nguo, nikasilimu nikaitwa Mariam, na tangu hapo kila nikisema neno nyumbani kwetu naambiwa nimekuwa mtu wa mjini. Haya, nitalisema hivyo hivyo.

Ongeri, kaka yake, alipochukuliwa kwenda kupigana Burma, mama yao Nyangate aliwafungisha watoto kila Sabato ili kijana arudi salama. Wengine walifunga, jua likizama wakala kama kawaida yao. Bochaberi akaongeza Jumatano, kisha Ijumaa, mwisho akawa anagusa chakula kidogo tu jioni. Kanisani wakamsifu. Mzee mmoja alimsimamisha mbele ya watu akasema huyu ndiye binti wa maombi, na binti mwenyewe alikuwa ameanza kushika ukuta akitembea. Mimi nafunga Ramadhani, kufunga nakujua. Mfungo una magharibi yake. Ule wa Bochaberi haukuwa nayo, na wote waliosema amina hakuna aliyemwuliza ataufungua lini.

Vita vikaisha, Ongeri akarudi mzima. Baba yake, ndugu yangu Ogari, akachinja mbuzi, na Bochaberi akala nyama na ugali mpaka mama yake akalia kwa furaha. Kesho yake Ongeri akashikwa na homa, malaria aliyotoka nayo huko huko vitani, akatetemeka kitandani. Bochaberi akaacha kula. Ongeri akapona. Sisi tuliona homa na kwinini. Bochaberi aliona jambo jingine, akalificha.

Nilimpeleka mwenyewe hospitali ya mjini. Daktari akampima kifua na damu, akasema hana kifua kikuu wala minyoo, apewe maziwa na mayai. Nikamwambia maziwa tunayo, shida ni mdomo. Alinitazama kwa huruma. Dawa ya mdomo unaokataa hakuwa nayo. Nyumbani nao wakasema mgonjwa haulizwi uji, wakamshika wamnyweshe kwa nguvu, uji ukaishia kifuani mwake. Nilikasirika siku ile, nikawatukana wote.

Mwaka uliofuata Ogari akaoa mke wa pili, Nyanchera, kutoka kule Nyaramba. Sasa, kwetu anayekuletea pombe au chakula huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Lakini hayo ni mambo ya wageni. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Nyanchera, kwa woga wa kuwa mgeni, aliwaonjea wote, mpaka vitoto. Alimega tonge la ugali wa wimbi, akalichovya kwenye chinsaga, ile mboga yetu chungu, akala, ndipo akausukuma ugali mbele yako. Bochaberi alikuwa amekaa jikoni kwake siku moja. Akanyoosha mkono, akamega, akala. Kesho akarudi. Miezi ikapita, mashavu yakajaa, akawa anateka maji mtoni mwenyewe na kuwacheka wenzake njiani. Nilimshukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua.

Nyangate hakushukuru. Nami simlaumu kwa kuumia: mtoto amekataa chakula cha mama yake miaka yote hiyo, leo anashiba kwa mke mwenza. Namlaumu kwa alichofanya. Aliificha Biblia kitandani, akaenda kwa mwaguzi. Mwaguzi akauliza yule mwanamke ana jambo gani lisilo la kawaida, naye akajibu kwamba huonja. Basi, ikawa kesi. Mtu safi haonji chakula cha mtoto wa nyumbani, akaambiwa. Anayetangulia kula ndiye anayemla mwanao. Ogari, ambaye ana masikio makubwa ya kusikia upuuzi, akamrudisha Nyanchera kwao. Waswahili husema mchawi mpe mwana akulelee. Hawa walikuwa na mlezi, wakamfanya mchawi.

Bochaberi akaacha kula tena, na safari hii alikwisha haraka. Nilipofika nikawafukuza watu wote chumbani, nikamwuliza anaogopa nini. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Nilimwahidi Mungu, shangazi," akasema. "Nikila, Ongeri atakufa. Kwa Nyanchera, yeye ndiye aliyekuwa anaufungua mfungo. Mimi nilifuata tu."

Nikamega ugali palepale, nikala, nikamsogezea. Akatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma moyo.

"Wewe unaonja kwa sababu yangu. Nyanchera alionja kwa sababu ndivyo alivyo. Mungu anajua tofauti."

Nilimwita Ongeri kutoka nje alikokuwa akipasua kuni. Akapiga magoti, akamwapia kwamba homa ile ni ya mbu, kwamba nusu ya wenzake wanayo. Bochaberi akampapasa kichwa, akamwambia amesikia. Hakula.

Nikabaki na njia moja. Niliwaambia Ogari na mkewe wamrudishe Nyanchera, nisiseme kwa nini, maana siri ya tonge ikimfikia Nyanchera, kuonja kwake kutakuwa kwa kupangwa, na kwa kupangwa hakukufaa. Ogari akasema mwanamume harudii matapishi yake. Nyangate akasema hawezi kumwangukia mke mwenza. Tukavutana, na mtoto anazidi kwenda. Asubihi Bochaberi aliposhindwa kuinua kichwa, Nyangate alijifunga kanga, akaenda Nyaramba kwa miguu. Nimegombana naye maisha yangu yote, lakini siku ile nilimheshimu.

Nyanchera alikuja, bila lawama hata moja. Akasonga ugali wa wimbi, akachemsha chinsaga, akaweka mbele ya Bochaberi niliyekuwa nimempakata. Kisha akakunja mikono, akaituliza mapajani. Alifukuzwa kama mchawi kwa ajili ya tonge lile, na hakuwa mjinga wa kuligusa tena.

Bochaberi aliitazama ile mikono, akangoja. Nyanchera naye akangoja mtoto ale. Mimi niliyejua yote nilikuwa katikati yao na sikuweza kufungua mdomo, kwa kuwa neno langu moja lingeharibu kila kitu. Ugali ukafuka moshi, ukapoa. Nilimwomba Mungu amtie Nyanchera njaa.

Nyangate, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akaingia, akampigia magoti mke mwenza.

"Nisamehe, Nyanchera," akasema. "Onja. Onja ili mtoto wangu ale."

Nyanchera akamega, akatia kinywani, machozi yakimtoka. Bochaberi alimtazama mpaka alipomeza. Kisha akageuza uso ukutani.

Tulimzika wiki ile ile, kando ya migomba ya mama yake. Kaburi alilichimba Ongeri, mzima wa afya, na alikataa mtu yeyote kumpokea jembe.