Mvua ya Uongo ya Mama Adèle

Ukimsikia mtu wa Kapata akijisifu kwamba anapatana na jirani yake, muulize kwanza kama wana kichuguu kimoja. Mama Adèle na Tata Symphorien walikuwa nacho, kimekaa katikati ya viwanja vyao kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa Symphorien kilikuwa matofali: mafuriko ya mwaka jana yalimbomolea ukuta, na hakuna udongo wa tofali unaoshinda wa kichuguu. Kwa Mama Adèle kilikuwa kumbikumbi, ingawa misimu miwili hakuruka hata mmoja. Mvua zilikuwa zimechanganyikiwa. Mara zinaanguka zote kwa siku moja, mara zinapotea mpaka majani ya mabondeni yanageuka tumbaku.

Wakakubaliana: kumbikumbi wasiporuka mpaka Jumapili, jembe.

Jumapili mchana mbingu ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Symphorien akafika, jembe begani.

"Mama Adèle, mi nilikuambia. Mvula ya zamani ilikufa."

"Basi mi nitaifufua. Simama pale, tata, na usikohoe."

Akakimwagia kichuguu ndoo ya maji, akakifunika kwa kitenge, akakibana pembeni kwa mawe, kisha akaanza kukigonga kwa vijiti, taka-taka-taka, kama bibi yake alivyomfundisha, ili wadudu wadhani mvua imefika. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayesubiri mchumba. Tundu likafunguka kwenye ukingo wa kitenge. Mchwa askari wakatoa vichwa, wakanusa hewa, wakarudi zao ndani.

"Banakujua," Symphorien akasema. "Hata badudu banajua ni mvula ya bongo, ya kudanganya."

Akainua jembe. Mama Adèle akazidi kugonga, jasho likimwingia machoni. Ghafla mabati ya nyumba yake yakalia, ko, ko, ko.

"Tata Symphorien, acha kutupa mawe kwa nyumba yangu."

"Kwa mukono gani? Yote iko kwa jembe."

Jiwe la barafu likamgonga mama utosini. Hapo ndipo akaamini.

Wakakimbilia barazani. Mvua ikaja na mawe yake, ikapukutisha mpapai, ikageuza njia kuwa mto, ikabeba ukuta uliobaki wa Symphorien, kisha ikaanza kula ubavu wa kichuguu. Mama Adèle alishika mdomo. Bonge moja likaanguka, na jingine. Halafu, kama mtu amefunga bomba, kimya. Jua likatoka.

Kitenge kikatikisika. Kikavimba.

"Banatoka," mama akanong'ona, kisha akakimbia na beseni, matope mpaka magotini, akicheka peke yake. Mabawa maelfu yalikuwa yanachemka chini ya kitambaa. Symphorien alitupa jembe, akavua kofia, akaanza kuchota.

Beseni lilipojaa, mama akainua kitenge upande mmoja. Wengine wakapaa, wingu zima linalometameta.

"Unabaachilia?" Symphorien akashangaa.

"Leo udongo iko laini. Baende bakajenge kichuguu kwingine. Ao mwaka kesho utakula tofali?"

Symphorien alikuwa anatafuna wabichi, mabawa yamemnata ndevuni.

"Kula pole pole, tata," Mama Adèle akamwambia. "Hiyo njo ukuta yako ya kesho unatafuna."